Kanuni Yangu ya Kutwanga

Nimestaafu ukatibu wa kijiji nikiwa na miaka ishirini na sita. Bi Mwanaisha anasema hajawahi kuona mstaafu ambaye mama yake bado anamkumbusha kula. Lakini kustaafu ni kustaafu. Juzi nilikabidhi daftari, mhuri wa mbao na filimbi, nikapeana mkono na mwenyekiti, na sasa nikiamka asubuhi sina kitu cha kuhofia, jambo ambalo nalo linanitia hofu. Kwa hiyo naandika. Vita vimekwisha, vijiji vinatoka porini kurudi barabarani na pwani, na ninyi vijana mtakaokuwa makatibu mtafundishwa mengi kuhusu mipango na taarifa. Mimi nataka kuwaeleza habari za vinu. Hakuna aliyenieleza, na nusura kijiji kizima kiangamie kwa ujinga wangu.

Mimi ni mtoto wa Palma. Nilivuka Ruvuma mdogo nikasoma upande wa pili mpaka nikamaliza sekondari, nikarudi na cheti, saa ya mkono na wasiwasi mwingi. Chama cha kupigania uhuru kilikuwa na wapiganaji, kilikuwa na wapagazi, lakini watu wa kuandika walikuwa wachache, basi wakanipa daftari na kunipeleka kuwa katibu wa kijiji kimoja kilichojificha porini, kati ya Mute na Mbau. Nilitembea siku tatu na wapagazi wa chumvi. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba ya kujitambulisha. Nilikuwa nimeandika tatu: moja ya watu wakinipokea vizuri, moja ya wakinipokea vibaya, na moja ya wasipokuwepo.

Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, wapagazi walitua mizigo chini ya miti mikubwa. Nikamwuliza mzee mmoja aliyekuwa ameketi anachonga gogo kwa tezo kama kijiji bado kiko mbali. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Umesimama katikati yake," akasema.

Ndipo nikaanza kuona. Kulikuwa na paa la nyasi chini ya mti huu, na jingine chini ya ule, yote mafupi, yamefunikwa matawi. Hapakuwa na uwanja wala njia, kwa sababu kila mtu aliamriwa apite mahali tofauti na alipopita jana, majani yasije yakalala. Kulikuwa na kaya sitini pale. Nusu walikuwa watu wa bara, Wamakonde waliotoka uwandani, wengi wao Wakristo. Nusu walikuwa watu wa pwani, Waislamu waliokataa kufungiwa na Wareno katika vijiji vya seng'enge, wakaacha nyumba zao na mitego yao ya samaki na kuingia msituni. Kila upande ulisema Kiswahili chake na kukicheka cha mwenzake.

Mzee aliyekuwa anachonga ndiye mwenyekiti, Mzee Likola. Kabla ya vita alikuwa fundi wa vinu, na hata baada ya kuwa mwenyekiti aliendelea kuwa fundi wa vinu ambaye mara mojamoja hufungua mikutano. Nilimpa barua yangu. Aliishika kichwa chini miguu juu kwa heshima kubwa, akanirudishia, akanieleza kwamba katibu aliyenitangulia alikuwa na sauti nzuri sana, na kwamba hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Hotuba zangu tatu nilizichoma jioni ileile kuivishia muhogo.

Nilikuja nikidhani nitapanga shule na zahanati. Nikakuta kazi ya ofisa katika kijiji kilichojificha ni mbili, moshi na sauti. Moshi ulikuwa rahisi: kuni kavu, moto mdogo, chini ya mti wenye majani mengi. Sauti ndiyo ilinikosesha usingizi. Hebu kaa kimya asubuhi moja uhesabu sauti za kijiji. Mimi nilihesabu, nikafika thelathini na moja kabla watu hawajala matabicho ya asubuhi.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya jogoo. Kulikuwa na agizo la zamani kwamba majogoo wote wachinjwe, na wote walichinjwa isipokuwa wa Bi Mwanaisha. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Palma, zamani mwuza vitumbua, mtu ambaye mdomo wake haukuhitaji chumvi ya wapagazi. Majirani walimshitaki. Nilikesha nikiandika kurasa tatu, upande mmoja hoja za kumchinja jogoo, upande wa pili za kumwacha, kwani bila jogoo hakuna vifaranga, na bila vifaranga wagonjwa watakunywa mchuzi gani? Alfajiri nilipofika kusoma hukumu yangu, Bi Mwanaisha hakuisikiliza. Alinishika mkono akanichutamisha mbele ya tenga lililopinduliwa mdomo chini, fupi kama sufuria.

Jogoo alikuwa ndani. Kulipopambazuka alianza kujivuta awike, kichwa kikagonga tenga, akakaa. Akajaribu tena, akagonga, akakaa.

"Hawezi kuwika bila kunyoosha shingo, mwanangu," Bi Mwanaisha akasema. "Kama ninyi watu wa hotuba."

Niliandika kanuni palepale: jogoo mmoja kwa kijiji, alale katika tenga fupi, na kuku wote wamtembelee yeye. Nilifurahi kiasi kwamba nilitafuta kelele nyingine za kuandikia kanuni. Mwalimu wa Kurani alikuwa tayari amepata njia ya kuadhini kwa kugusa bega, mtu akimgusa bega jirani, na jirani akimgusa wa tatu, mpaka sala inawafikia wote bila neno. Wakristo Jumapili waliimba midomo imefungwa, na wanawake walipofiwa waliuma ncha ya kapulana, yaani kanga walizojifunga. Yote hayo niliyakuta. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini watu hawa walijua kunyamazisha kila kitu isipokuwa kutwanga.

Mwaka ule tulikula makopa, yaani muhogo uliokaushwa, na mtama wa akiba. Vyote viwili haviliki bila kupita kinuni. Kila mwanamke alitwanga alipopata nafasi, huyu alfajiri, yule baada ya kutoka kisimani, mwingine alasiri mtoto akilala. Kwa hiyo tangu asubuhi mpaka jioni, mahali fulani kijijini, mchi ulikuwa unaanguka. Mimi kila mchi ulipoanguka nilikuwa naruka. Nikafanya hesabu. Kama adui anaweza kupita saa yoyote, na kutwanga kunaendelea saa zote, basi lazima siku moja asikie. Lakini kama wote watatwanga kwa saa moja tu, saa zilizobaki zitakuwa kimya, na adui atahitaji bahati kubwa sana kupita katika saa hiyo moja. Niliikagua hesabu ile mara tano. Haikuwa na kosa. Mpaka leo naweza kuwaonyesha kwenye karatasi kwamba haina kosa.

Mzee Likola wakati huo alikuwa ameitwa kwenye mkutano wa makao ya wilaya, akakaa wiki kadhaa. Angekuwepo, fundi wa vinu, angenizuia kwa neno moja. Nilitangaza kanuni peke yangu: kutwanga ni saa moja mpaka saa mbili asubuhi, kijiji kizima, na nje ya hapo mchi usiguswe. Nina saa ya mkono, nitatoa ishara. Wanawake walinitazama. Bi Mwanaisha aliuliza kama tumbo nalo litafundishwa kusoma saa. Veronika, mpwa wa Mzee Likola, mwanamke wa bara mwenye mikono kama ya mpiga makasia, aliikunja. Alinitazama tu mpaka nikaangalia daftari.

Siku za kwanza ilikuwa vurugu. Wanawake wa bara hutwanga wamesimama watatu kwenye kinu kimoja, michi mizito, pigo refu. Wa pwani hutwanga wawili, michi myepesi, haraka haraka. Sauti zilipigana na wao wakagombana, kila upande ukisema mwingine unauharibia mkono. Sasa mkono wa mtu anayetwanga hautaki kupishana na mkono wa jirani. Hauombi ruhusa. Siku ya nne waliacha kugombana. Siku ya nane, saa moja na dakika chache, nilisimama kati ya miti na kusikia michi yote ya kijiji ikipanda pamoja na kushuka pamoja, bara na pwani, na ardhi ikijibu chini ya viatu vyangu. Nilikimbia kwenye kibanda changu kuandika taarifa ya makao ya wilaya. Niliandika: "Akina mama wa bara na wa pwani sasa wanatwanga kwa pigo moja." Ni sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika kazini.

Kesho yake mchana alikuja Atanasi, mkuu wa wanamgambo wetu, aliyekuwa kwenye zamu ya kuangalia barabara. Alikuwa mtu mpole. Aliketi, akaomba maji, akanywa yote.

"Ndugu katibu," akasema, "jana asubuhi mlikuwa na sherehe gani?"

Nikamwambia hakukuwa na sherehe. Akaniambia alikuwa amelala kwenye majani upande huu wa barabara, na tropa, yaani askari wa Kireno, kumi na kitu, walikuwa wameketi upande wa pili kupumzika. Saa moja hivi ngoma ilianza. Yeye mwenyewe alishangaa nani anacheza asubuhi.

"Mmoja wao alikuwa anafuatisha pigo kwa kidole, kwenye kitako cha bunduki," Atanasi akasema. "Hakujua kama anafanya hivyo. Halafu akajua. Akasimama, akageuza sikio huku."

Mtajionea wenyewe kazini jinsi mtu anavyoweza kuelewa jambo lote kwa mara moja. Mchi mmoja porini ni kama tawi linalogonga, au ndege anayetoboa mti. Unapotea. Michi ishirini inayoanguka kila mmoja kwa wakati wake nayo inapotea, ni kelele za msitu. Michi themanini inayoanguka pamoja ni ngoma, na ngoma haipotei. Nilikuwa nimechukua vinu thelathini na kuvifanya kinu kimoja kikubwa kama kijiji, kisha nikakipiga kila siku saa ileile, adui asije akasahau.

Agizo la Chama kwa kijiji kilichojulikana lilikuwa kuhama. Lakini mtama shambani ulikuwa umeshika punje, umebakiza wiki tatu kuvunwa, na akiba haikufika mwezi. Kuhama maana yake ni kuuacha. Mwaka uliotangulia kuja kwangu walihama hivyohivyo kabla ya kuvuna, na kabla ya mvua kurudi walizika watoto kumi na mmoja. Wawili walikuwa wa Veronika.

Niliita mkutano. Sikutunga hotuba. Nilisema kanuni ilikuwa yangu, nilikosea, tropa wamesikia, na nikaeleza Atanasi alichokiona, pamoja na kile kidole. Nilitegemea matusi. Badala yake Veronika akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye hahami. Atakayehama asalimie huko. Mtu mmoja akaanza kumjibu kuhusu ndege na mabomu, akamkatiza.

"Wametuona?" akauliza. "Hawakutuona. Wametusikia tu. Hawajui tulipo, wanajua tunavyolia."

Bi Mwanaisha alikuwa anamenya muhogo. Akasimamisha kisu. "Basi tukalie kwingine," akasema.

Sikumwelewa. Wenzangu walielewa mara moja, kwa sababu kulikuwa na mahame, kijiji chao cha zamani, ng'ambo ya bonde lenye tope, mwendo wa saa moja kutoka pale. Walikiacha kilipopigwa mabomu. Vibanda vichache vilikuwa bado vimesimama, mikorosho ilikuwepo, na sauti kutoka kule ingefika barabarani vizuri kuliko kutoka kwetu. Hapa tungenyamaza kabisa. Kule tungetwanga kwa pigo moja, saa ileile. Wakitaka kijiji, wapewe kile.

Nilitoa hoja saba za kupinga. Mnijue nilivyo. Ya kwanza, tropa wanaweza kuja kwa miguu. Atanasi alisema njia ya kwenda kule kutoka barabarani ina mabomu yetu ya ardhini, na wao wanajua. Ya nne ilikuwa kwamba tutwange vinu vitupu, tusibebe chakula cha kijiji kwenda kukiweka chini ya mabomu. Wakati huo Mzee Likola alikuwa amefika kutoka safari, amesimama nyuma na mzigo wake bado begani, na hiyo ndiyo hoja pekee aliyoijibu.

"Kinu kitupu kinalia kama mlango," akasema. "Mreno naye ana mama."

Kwa hiyo ikaamuliwa kutwanga chakula cha kweli. Mchana wa siku iliyofuata wanaume walibeba vinu ishirini kwa mti, wawiliwawili, wakavivusha kwenye tope. Karibu vyote Mzee Likola alikuwa amevichonga mwenyewe. Alitembea pembeni yao akiwaambia wasivigonge. Wanawake hamsini na mmoja walijitolea, na mimi nilikwenda kwa sababu mbili: saa ilikuwa mkononi mwangu, na kosa lilikuwa langu. Kazi yangu ilikuwa kusema anza na kusema basi.

Asubuhi ya kwanza nilitazama saa mpaka macho yakauma, nikainua mkono. Mwanamke mmoja alikuwa hakuja, mjamzito, na kinu cha Veronika kikabaki na watu wawili. Veronika akanitupia mchi. Mwanamume kwetu hatwangi, pwani wala bara, katika hilo wamepatana tangu zamani. Nikauangalia ule mchi. Akaniambia kwamba Mreno anasubiri.

Nilitwanga. Nilikuwa nachelewa nusu pigo, nikijirekebisha nawahi, nikiwahi nagonga mchi wa mwenzangu, na kila nikigonga vicheko vinazunguka vinu vyote ishirini bila pigo kukatika. Msichana mmoja akasema katibu ataharibu, watajua ni mtego. Bi Mwanaisha akamjibu bila kugeuka, "Mwache. Kila kijiji kina mmoja wa hivi. Sasa ndiyo kimekuwa kijiji kamili."

Siwezi kuwaeleza furaha ya asubuhi ile. Najua haikuwa mahali pake. Tulikuwa watu hamsini na mmoja tunapiga kelele kwa makusudi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na baadhi ya wale wanawake walikuwa wanatwanga machozi yakiwatoka huku wanacheka. Moto wa majani mabichi ulifuka. Saa mbili nikainua mkono, wakafunga unga kwenye kapulana, tukavuka bonde kurudi, na kijiji kikala unga wa mtego. Ulikuwa unga laini kabisa, isipokuwa wa kinu chetu.

Siku ya pili, tukiwa tumesharudi, saa nne, ndege ndogo ilikuja ikazunguka juu ya mahame mara tatu na kwenda zake.

Hapa ndipo elimu yangu ilipofaa, ingawa si kwa namna niliyosomeshwa. Swali lilikuwa moja: ndege kubwa zitakuja lini? Wapiganaji walisema kesho. Mimi nililiwaza kama mtu wa ofisi. Yule rubani amerudi saa tano. Ataandika relatorio, yaani taarifa yao. Mkubwa wake atakuwa anakula, ataisoma jioni, atauliza neno ambalo rubani hakuliandika, relatorio itarudi. Kesho itasainiwa, na aliye chini yake ataulizwa kwa nini haikusainiwa jana. Kesho kutwa watatekeleza, mapema, kwa sababu wamechelewa na wanataka waonekane hawakuchelewa. Taarifa zangu mwenyewe zilikwenda hivyo, na sikuona kwa nini ofisi ya Mreno iwe na miguu mirefu kuliko yetu. Nikasema siku ya nne.

Siku ya tatu tulitwanga saa nzima, hakuna kilichokuja. Siku ya nne wanawake walitaka tusiende kabisa. Lakini kijiji ambacho kinatwanga kila siku kisipotwanga siku moja, kimekuwa mtego mtupu. Ilibidi tuanze. Nilisema tutatwanga nusu saa tu, mpaka saa moja na nusu. Bi Mwanaisha, tukiwa njiani kwenye tope, akaniuliza taratibu, "Na kama mkubwa wao ni mtu asiyelala vizuri? Kama wewe?"

Neno lile liliniingia. Tulianza saa moja kamili. Nilikuwa natwanga jicho moja kwenye saa. Dakika tano. Saba. Nikamfikiria mtu wa upande wa pili, mwenye mhuri wake, ameamka kabla ya jua akiogopa kuulizwa kwa nini amechelewa. Nilimjua mtu huyo. Ilipofika dakika ya kumi na mbili niliweka mchi chini, nikainua mkono.

Hawakuniona. Wale walioniona walidhani nimechoka. Nikasema basi, na sauti yangu ikamezwa na michi, nikamshika Veronika mkono, akanisukuma, makopa yake yalikuwa bado na mabonge na alisema hawezi kumpelekea mtoto wake aliyebaki unga wa mawe. Nikapiga kelele, hakuna aliyesikia. Ngoma niliyoitengeneza mimi ilikuwa imenishinda nguvu.

Filimbi ilikuwa shingoni mwangu tangu siku nilipopewa ukatibu. Sikuwa nimewahi kuipuliza. Mimi ndiye niliyekuwa nalinda kimya cha kijiji, filimbi ilikuwa pambo. Niliipuliza kwa pumzi zangu zote.

Michi ilisimama hewani. Wote hamsini walinigeukia, na nadhani hawakushangazwa na filimbi bali na aliyeipuliza.

"Acheni vinu," nikasema. "Bebeni unga. Sasa hivi."

Hakuna aliyeuliza. Veronika alimwaga mabonge yake kwenye kapulana, tukaingia kwenye bonde. Tulikuwa katikati ya tope, limetufika magotini, ndege ziliporuka juu ya mahame kwa mara ya kwanza. Zilikuwa mbili. Ardhi ilipiga mara moja, kama mchi mmoja mkubwa, kisha ikapiga tena, na maji ya bonde yakatetemeka kuzunguka miguu yetu. Tulikaa kwenye matete vichwa vimeinama. Nikahesabu watu, nikahesabu tena. Hamsini. Nikahesabu mara ya tatu, mpaka Bi Mwanaisha akanigusa bega, namna ile ya kuadhini, na kuninong'oneza nijihesabu na mimi.

Walipiga mpaka wakaridhika. Moshi ulionekana siku nzima. Atanasi alituletea habari baadaye kwamba barabarani tropa walikuwa wanaambiana kijiji kile kimekwisha. Relatorio bila shaka iliandikwa, ikasainiwa, ikawekwa mahali pake, na kijiji kikishakufa kwenye karatasi hakuna anayekwenda kukitafuta. Msimu ule hawakuja tena. Wiki tatu baadaye tulivuna mtama wote.

Nilikwenda kumwomba radhi Mzee Likola kwa vinu vyake ishirini. Alikuwa ameshaangusha gogo jipya. Akasema vile vingi vilikuwa na nyufa.

Kanuni yangu niliiandika upya. Ilisema kila mwanamke atwange saa anayotaka, ila vinu viwili vya jirani visitwange pamoja. Yaani ilisema wafanye walivyokuwa wanafanya kabla sijafika. Miaka yote iliyobaki nilitunga kanuni chache, na kila moja niliipitisha kwanza kwa Bi Mwanaisha na Veronika, ambao waliifupisha. Fanyeni hivyo. Kabla ya kuuliza kama hesabu yako ni sahihi, mwulize mwenye mkono jinsi mkono unavyokwenda.

Juzi, kwenye mkutano wa makabidhiano, Mzee Likola aliniuliza kama kuna kanuni iliyobaki wazi. Nikafungua daftari. Kanuni ya kutwanga ilikuwa bado inafanya kazi, vita vimekwisha na hakuna aliyekumbuka kuifuta. Nikaifuta mbele ya wote, nikapiga mhuri. Kwenye orodha ya vifaa niliandika: filimbi moja, imepulizwa mara moja.

Jana niliamka na kusikia. Mwanzoni nilidhani naota, kisha nikatoka nje pekupeku. Hakuna aliyewaambia, hakuna aliyetoa ishara. Wanawake wote walikuwa wametoa vinu mahali pa wazi, juani, bara na pwani, vile vipya vya Mzee Likola, na michi inapanda pamoja na kushuka pamoja, na kitukuu cha yule jogoo, ambaye hajawahi kufunikwa tenga, amesimama juu ya paa ananyoosha shingo. Nilitazama angani kwanza. Hakukuwa na kitu. Nikatazama saa. Ilikuwa saa moja kamili.

Bi Mwanaisha aliniona nimesimama. Hakusimamisha mkono. Kwa mkono wa pili alinyanyua mchi uliokuwa umeegemea kinu cha Veronika, akanielekezea.

"Njoo, mstaafu," akasema. "Hapa tumekosa anayekosea."

Nikaenda.